Edgar Codd, mwanahisabati aliyemfungulia karani mlango wa hifadhidata

KARANI anayejifunza kwa mara ya kwanza kutengeneza hifadhidata katika kompyuta ya mezani hupewa, karibu kila mahali duniani, somo lile lile. Huelekezwa kutengeneza jedwali, kuipa kila safu jina lake, kuchagua safu moja iwe ufunguo, kisha kutengeneza jedwali la pili na kuliunganisha na la kwanza. Mwishoni hufundishwa namna ya kuuliza swali, na kompyuta humletea jibu bila yeye kujua taarifa hizo zimelala sehemu gani ya diski.

Hatua hizo zimezoeleka kiasi kwamba wanafunzi wengi hudhani zilikuwapo tangu kompyuta zilipoanza. Sivyo. Zilitokana na wazo la mtu mmoja, Edgar Frank Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyefariki dunia mwaka 2003. Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kugeuzwa bidhaa na kampuni ile ile iliyokuwa ikimlipa mshahara.

Codd, ambaye watu wa karibu walizoea kumwita Ted, alizaliwa Agosti 1923 katika Kisiwa cha Portland, pwani ya kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa na shughuli ya kutengeneza ngozi, na mama yake alikuwa mwalimu wa shule.

Baada ya masomo ya sekondari mjini Poole alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako mwaka 1941 alianza kusomea kemia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imepamba moto. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, Codd angeweza kuahirishiwa wito wa jeshi. Hata hivyo, mwaka 1942 alijitolea mwenyewe, akaingia katika jeshi la anga na kuwa rubani wa ndege kubwa aina ya Sunderland, zilizoweza kutua juu ya maji na zilizotumika kulinda bahari.

Sehemu ya mafunzo yake ya urubani aliipata Marekani. Safari hiyo ilimwachia mambo mawili: mapenzi ya kurusha ndege ambayo hayakumtoka maishani, na imani kwamba nchi hiyo ilikuwa na nafasi kwa mtu mwenye kiu ya kubuni mambo mapya. Vita vilipokwisha alirudi Oxford, akaacha kemia na kuhamia hisabati. Alipohitimu mwaka 1948, hakukaa sana Uingereza. Alifunga mizigo na kuelekea New York.

Mwanzo haukuwa wa kifahari. Kazi yake ya awali ilikuwa ya muuzaji katika duka kubwa la Macy's, kitengo cha mavazi ya michezo ya wanaume. Kutoka hapo alikwenda kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Tennessee kwa miezi sita. Mwaka 1949 aliajiriwa na kampuni ya IBM mjini New York, akiwa mwanahisabati wa kuandika programu za mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa, mashine yenye kelele iliyojaza ukumbi mzima.

Mwaka 1953 msimamo wake ulimgharimu kazi hiyo. Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiendesha kampeni kali ya kuwasaka watu waliotuhumiwa kuwa wakomunisti. Codd hakuivumilia hali hiyo. Akaacha kazi, akaihama Marekani na kwenda Ottawa, Kanada, alikosimamia idara ya kompyuta ya kampuni moja ya huko. Alirejea Marekani na IBM mwaka 1957, na akashiriki katika ujenzi wa kompyuta iliyoitwa Stretch, hususan mbinu za kuiwezesha mashine moja kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja.

Akiwa na umri wa miaka 38, mwaka 1961, alirudi darasani. IBM ilimlipia masomo katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, naye akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1965. Utafiti wake ulihusu mifumo ya kihisabati inayoweza kujizalisha yenyewe, fani iliyoasisiwa na John von Neumann. Von Neumann alihitaji hali 29 kwa kila chembe ya mfumo wake. Codd alithibitisha kuwa hali nane zinatosha. Tabia hiyo ya kutafuta mambo machache yanayoweza kufanya kazi ya mengi ndiyo iliyokuja kuipindua fani ya hifadhidata.

Mwaka 1968 alihamia maabara ya utafiti ya IBM mjini San Jose, California. Wakati huo mabenki, viwanda na idara za serikali zilikuwa zimekwishaanza kujaza taarifa zao katika diski za kompyuta. Kuziweka humo hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kuzitoa.

Mfumo mashuhuri wa IBM wa enzi hizo, uliojulikana kwa jina la IMS, ulianzia katika miaka ya 1960, pale kampuni hiyo iliposhirikiana na wahandisi wa mradi wa Apollo wa kumpeleka binadamu mwezini. Chombo cha Apollo kilikuwa na vipuri vingi mno, na mfumo huo ulivipanga kama mti: shina, matawi, vitawi na majani. Kwa orodha ya vipuri, mpangilio huo ulifaa sana.

Lakini mti una njia moja tu ya kupanda. Ikiwa taarifa zimepangwa kuanzia kwa mteja na kushuka hadi kwenye bidhaa alizonunua, ni rahisi kujua mteja fulani alinunua nini. Meneja akiuliza kinyume chake, yaani ni wateja gani walionunua bidhaa fulani, mwandishi wa programu alilazimika kukaa chini na kuandika programu mpya ya kupita tawi baada ya tawi. Jibu lingeweza kuchukua siku au wiki. Mbaya zaidi, mpangilio wa mti ukibadilishwa, programu za zamani zilizoutegemea ziliharibika.

Kwa maneno mengine, ofisi ilimiliki taarifa zake, lakini ufunguo wa kuzifikia ulikuwa mfukoni mwa wataalamu wachache. Codd aliona kuwa kasoro hiyo ilikuwa katika msingi wenyewe. Kwa maoni yake, mtu anayetumia taarifa alipaswa kukingwa asilazimike kujua namna mashine ilivyozipanga.

Mwaka 1969 aliyaweka mawazo yake katika ripoti ya ndani ya IBM, na Juni 1970 akayachapisha kwa upana zaidi katika jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani, ACM. Makala hiyo ilikuwa na kurasa 11 tu. Ndani yake alipendekeza kwamba taarifa zote, hata ziwe nyingi namna gani, zionekane kwa mtumiaji kama majedwali ya kawaida, na kwamba majedwali hayo yatawaliwe na kanuni za hisabati ya seti. Mfumo huo aliuita wa uhusiano, kwa kufuata jina ambalo wanahisabati hulitumia kwa mkusanyiko wa aina hiyo.

Mfano wa shule unaweza kulieleza jambo hilo. Mhasibu anayeandika malipo ya karo katika daftari moja hulazimika kurudia jina la mwanafunzi, kidato chake na anwani ya mzazi kila malipo yanapofanyika. Mzazi akihama, anwani hiyo itabidi irekebishwe katika mistari yote. Ukisahaulika mmoja, daftari linakuwa na anwani mbili na hakuna ajuaye iliyo sahihi.

Kwa utaratibu wa Codd, wanafunzi hukaa katika jedwali lao, kila mmoja na namba yake isiyofanana na ya mwenzake. Malipo hukaa katika jedwali jingine, ambamo kila mstari hubeba namba hiyo badala ya maelezo yote ya mwanafunzi. Anwani huandikwa mara moja na husahihishwa mara moja. Mhasibu akitaka kujua wanafunzi wa kidato cha pili ambao hawajamaliza karo, kompyuta huyakutanisha majedwali hayo mawili kwa kutumia namba ile, huchuja mistari inayohusika na kutoa orodha. Kesho mwalimu mkuu akiwa na swali jingine ambalo hakuna aliyelitarajia, majedwali ni yale yale.

Codd hakuishia hapo. Katika maandiko ya mwaka 1971 na 1972 alieleza kwa kina kanuni za kuyagawa majedwali ili kila jambo liandikwe mahali pake pamoja tu. Kanuni hizo ndizo ambazo wanafunzi wa kompyuta hadi leo hukutana nazo darasani, na mara nyingi huwatoa jasho. Mnamo mwaka 1974, mwenzake wa IBM, Raymond Boyce, alishirikiana naye kuzikaza zaidi, na kanuni iliyotokana na kazi hiyo ingali inaitwa kwa majina ya wote wawili.

Mtu angetarajia IBM ishangilie. Haikuwa hivyo. IMS ilikuwa bidhaa iliyokuwa ikiingiza fedha nyingi, na wateja wakubwa walikuwa wamekwishaifunga mikono na miguu katika shughuli zao. Kuuunga mkono mfumo mpya kulikuwa sawa na kuwaambia wateja hao kwamba kitu walichonunua jana kimepitwa na wakati. Isitoshe, wahandisi wengi waliamini kwa dhati kuwa majedwali ya Codd ni hisabati nzuri ya karatasini ambayo kompyuta za wakati huo, kwa uchovu wake, zisingeiweza.

Codd hakunyamaza. Alizungumza na wateja wa kampuni, aliandika, na alihojiana na kila aliyekuwa tayari kuhojiana naye. Mwaka 1974, katika mkutano wa wataalamu mjini Ann Arbor, alikabiliana hadharani na Charles Bachman, gwiji wa mifumo ya zamani ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta.

Bachman alimwona mwandishi wa programu kama nahodha anayeuongoza mtambo katika bahari ya taarifa, akijua kila mkondo na kila mwamba. Codd, aliyewahi kuwa rubani halisi, alishikilia kuwa abiria hapaswi kusomea urubani ndipo afike safari yake. Aseme anakokwenda; njia aitafute mtambo. Mjadala huo hukumbukwa kama hatua iliyowageuza vijana wengi watafiti upande wake.

Wakati huo vyuo na maabara vilikuwa vimeanza kujaribu. Katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianzisha mradi wa Ingres. Katika maabara ya San Jose yenyewe, IBM iliruhusu mradi wa majaribio ulioitwa System R. Ndani ya kazi hiyo, Boyce na Donald Chamberlin walibuni lugha ya kuulizia maswali ambayo baadaye ilijulikana kama SQL. Boyce alifariki dunia mwaka huo huo wa 1974, kabla hajaona matunda yake.

Katika kituo kingine cha IBM, kwenye jimbo la New York, Moshé Zloof alibuni njia ambayo mtumiaji hakuhitaji kuandika amri yoyote. Alijaza tu mfano wa anachokitaka ndani ya jedwali tupu. Aliyewahi kutumia Microsoft Access na kuburuta majina ya safu hadi katika gridi ya maswali amekutana na mjukuu wa kazi ya Zloof.

Codd naye alikuwa na mradi wake ulioitwa Rendezvous, wa kumwezesha mtu wa kawaida kuuliza kwa Kiingereza cha kila siku. Mfumo huo, pale usipoelewa, ulimuuliza mtumiaji afafanue, kisha ukamrudishia swali lake kwa maneno mengine ili athibitishe kama ndilo alilokusudia. Toleo la majaribio lilikamilika mwaka 1978, miongo kadhaa kabla ya watu kuzoea kuzungumza na simu zao.

Wakati IBM ikisitasita, wengine walisoma maandiko yake na kuona mali. Larry Ellison na wenzake walianzisha kampuni mwaka 1977, na mwaka 1979 wakatoa sokoni hifadhidata ya Oracle, wakiitangulia IBM katika wazo lililozaliwa ndani ya IBM. Ellison aliingia katika safu ya matajiri wakubwa duniani. Codd alibaki mwajiriwa wa mshahara.

IBM ilitoa bidhaa yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1981, na mwaka 1983 ikatangaza DB2, iliyokuja kuwa nguzo ya mabenki mengi. Mwaka huo wa 1981, Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing kwa mchango wake katika nadharia na matumizi ya hifadhidata.

Kompyuta ndogo za mezani nazo zilikuwa zinaingia maofisini. Programu ya dBASE, iliyotokana na kazi ya Wayne Ratliff, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kumpa mfanyabiashara mdogo uwezo wa kutunza hifadhidata yake mwenyewe. Ilitangazwa kuwa ya uhusiano, ingawa kwa sehemu kubwa ilimtaka mtumiaji apite rekodi moja baada ya nyingine, mtindo ule ule ambao Codd alitaka kuuondoa.

Neno uhusiano likawa nembo ya kuuzia bidhaa. Jambo hilo lilimkera. Oktoba 1985, akiwa amekwishaondoka IBM na kuanzisha ofisi ya ushauri pamoja na Chris Date, alichapisha katika gazeti la Computerworld kanuni za kupimia hifadhidata. Hujulikana kama kanuni 12, ijapokuwa kwa hesabu ni 13, kwa kuwa alianza na namba sifuri. Hakuna bidhaa ya wakati huo iliyozitimiza zote.

Baadhi ya kanuni hizo humgusa moja kwa moja anayejifunza leo. Kila taarifa ipatikane kwa kutaja jedwali, safu na ufunguo. Taarifa isiyojulikana iwekwe alama yake maalumu, isiandikwe sifuri wala kuachwa kama nafasi tupu, kwa sababu mwanafunzi asiyejulikana amelipa kiasi gani si sawa na mwanafunzi ambaye hakulipa chochote. Na sheria za kulinda usahihi zitunzwe ndani ya hifadhidata yenyewe, zisitegemee uangalifu wa anayeingiza taarifa.

Hata SQL, iliyolibeba jina lake duniani kote, haikumridhisha. Alilalamika kuwa iliruhusu mistari inayofanana kabisa ndani ya jedwali moja, kinyume cha hisabati aliyoianzia. Mwaka 1990 alitoa kitabu kilichoupanua mfumo wake hadi vipengele 333. Wachache waliweza kumfuata hadi huko.

Doa moja liliingia katika sifa zake mwaka 1993. Aliandika makala ya kutetea aina mpya ya hifadhidata za uchambuzi wa biashara, na baadaye ikabainika kuwa kazi hiyo ilidhaminiwa na kampuni iliyouza programu za aina hiyo bila wasomaji kuarifiwa. Computerworld ililazimika kuiondoa. Kwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akiyakemea matangazo yanayopita ukweli, lilikuwa jambo la kusikitisha.

Codd alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo Aprili 18, 2003, nyumbani kwake Williams Island, Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata, tawi la ACM linaloshughulikia hifadhidata liliipa tuzo yake ya ubunifu jina la Codd.

Tangu hapo kompyuta zimebadilika mno, na ipo mifumo mipya isiyotumia majedwali kabisa. Hata hivyo, akaunti za benki, tiketi za ndege, kumbukumbu za hospitali na hata sehemu kubwa ya yaliyomo ndani ya simu za mkononi zingali zinahifadhiwa kwa utaratibu aliouandika katika kurasa zile 11.

Karani anayeketi leo kujifunza hifadhidata atahangaika kwanza na funguo, na majedwali yanayokataa kuungana, na ujumbe wa makosa asiouelewa. Kisha siku moja atauliza swali ambalo hakuna aliyelipanga, na jibu litakuja papo hapo bila kumngoja mtaalamu. Haki hiyo ya kuuliza, ambayo zamani ilikuwa ya wachache, ndiyo Codd aliyoipigania mbele ya waajiri wake mwenyewe.